Hutoki Tabora Mpaka Maganga Arudi

Gongoni, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Tusekile,

Nakuamkia wewe na wote waliomo nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, migomba imekwisha kuwekewa nguzo kabla ya upepo, na kahawa imechumwa bila ugomvi na vibarua. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikikaa kitako muda mrefu, na siku hizi nakaa kitako kwa lazima, kama utakavyosoma. Joto la huku limefika mahali ambapo hata kuku wanatembea midomo wazi. Mvua haijanyesha.

Mjukuu wetu Tumaini anaendeleaje? Uliniandikia kwamba alikuwa na kikohozi kisichotaka kuondoka, na kwamba Tusekile alimpeleka hospitali. Barua zako mbili zilizofuata zilieleza habari za ng'ombe, za paa la jiko na za harusi ya binti wa jirani, lakini yeye hazikumtaja. Nilizisoma tena nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka.

Umeniuliza, tena kwa ukali ambao sikukatazi, kwa nini mtu aliyesema atarudi kabla ya mvua bado yuko Tabora. Ukaongeza kwamba huenda nimepata nyumba nyingine. Nyumba nyingine sikupata. Nimefungwa katika hii moja niliyopanga. Nakueleza jambo hili kwa utaratibu, tangu mwanzo, kwa sababu likielezwa vipande vipande litaonekana la kipuuzi, na mimi sijazoea kuonekana mpuuzi.

Kazi niliyoitiwa, ile ya kusahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa, ilikwisha zamani. Iliyobaki ni hadithi. Unamkumbuka Elias, yule mwanafunzi wangu mrefu aliyekuwa akilia nikimrudishia insha yake? Sasa ndiye mhariri wa gazeti dogo la kila mwezi linalochapwa hapa. Aliniomba nimwandikie hadithi ya misafara ya zamani, ya watu waliobeba pembe na nguo kati ya hapa na pwani, kwa kuwa wasomaji wake wengi ni wajukuu wa wapagazi. Nilikubali. Nikamwumba mpagazi mmoja na kumwita Maganga, jina ambalo ukiliita katika soko la huku hugeuka wanaume wengi. Nikampa mke anayeitwa Nyamizi, na mtoto wa kike anayenyonya, kisha nikamtia njiani na mzigo begani. Kila mwezi sehemu moja. Nilibaki hapa kusimamia kila sehemu ikichapwa, kwa sababu wapanga herufi hawajali mkato wala nukta, na sikubali jina langu liwekwe chini ya fujo. Nilikadiria kuimaliza upesi na kupanda gari la moshi.

Sikumkadiria Bibi Zuhura.

Huyu ndiye mwenye nyumba. Ni mama wa mjini, Mwislamu, umri wake kama wangu au umenizidi kidogo, mwembamba, mwenye sauti inayopenya ukuta. Anaishi na mdogo wake, Salum, fundi cherehani anayeshonea barazani. Chumba changu kina mlango wake unaotazama baraza hiyo, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Hapatokei jambo hapa bila Salum na wateja wake kuliona. Bibi Zuhura anasoma Kurani, lakini herufi zetu hazijui. Gazeti likitoka, Salum huondoa mguu kwenye cherehani, huvaa miwani, na humsomea dada yake kwa sauti, majirani nao huja na vigoda vyao. Mimi nipo chumbani, mlango uko wazi, nasikia sentensi zangu zikisomwa na mtu anayepumua mahali pasipo na nukta.

Mwanzoni nilifurahi. Furaha hiyo haikuvuka sehemu ya pili.

"Mwalimu!" aliita siku hiyo kutoka barazani. "Huyu Maganga amekula nini?"

"Wapi, Bibi Zuhura?"

"Hapo walipopiga kambi. Umesema wametua mizigo, wamewasha moto, wamelala. Hawakula?"

"Inaeleweka kwamba walikula."

"Mimi sijaelewa. Mimi nimemwona kalala na njaa. Mtu kabeba pembe tangu alfajiri! Mwezi ujao mpe ugali wa mtama, tena na nyama. Usimpe mlenda, mlenda utamshikilia wapi mtu wa mzigo?"

Majirani walicheka, nami nikacheka. Mwezi uliofuata nikaandika kwamba Maganga alikula ugali na nyama ya swala. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Alipoona kwamba ameomba kitoweo akakipata, Bibi Zuhura alielewa kuwa hadithi hii ina mlango, na kwamba ufunguo ni sauti yake. Akataka yule nyapara aliyempiga Maganga kiboko aumwe na nge. Akataka Maganga apewe nguo nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza nilikuwa nimeipasua miibani. Nilipoandika kwamba Nyamizi alikuwa akicheka kisimani na mwuza asali, alikaa siku nzima bila kuniletea chai, na jioni akasimama mlangoni mwangu.

"Anacheka nini?"

"Amesikia jambo la kuchekesha."

"Mume yuko njiani, yeye anachekeshwa na mwuza asali? Mwondoe yule mwanamume pale kisimani."

"Bibi, gazeti limekwisha kuchapwa. Liko Bukene, liko Goweko, liko kila stesheni. Siwezi kwenda kumfuta."

"Basi mwezi ujao ahame."

Alihama, Mama Tusekile. Mwuza asali alihamia Ujiji na sababu hakuna. Mimi niliyewafundisha vijana kwamba kila tendo katika insha liwe na chanzo chake, nilimhamisha mtu mzima na mizinga yake kwa ajili ya chai.

Lakini nilijua kwamba kuna jambo moja sitalibadili. Misafara ile iliwaacha wagonjwa. Mwandishi mkweli hawezi kumpitisha mpagazi safari nzima akiwa na afya ya mwanafunzi wa bweni. Kwa hiyo Maganga alipokuwa akirudi kutoka pwani, nilimtia homa katika Mgunda Mkali, lile pori refu lisilo na maji kati ya Ugogo na huku. Alitembea mpaka miguu ikakataa. Wenzake walimwekea kibuyu cha maji kivulini, wakagawana mzigo wake, wakaenda zao. Niliishia hapo.

Salum alisoma mpaka mwisho.

"Endelea," Bibi Zuhura alimwambia ndugu yake.

"Imekwisha, dada. Hapa chini pameandikwa itaendelea."

"Mwalimu! Njoo."

Nilitoka.

"Umemwacha wapi?"

"Mgunda Mkali."

"Peke yake?"

"Ndivyo ilivyokuwa desturi, Bibi Zuhura. Msafara haukuweza—"

"Sikukuuliza desturi. Rudi ukamchukue."

"Haiwezekani. Hadithi ina njia yake."

"Njia! Mkono ulioandika aachwe si huo hapo? Uandike aokotwe. Ana mke anamngoja. Ana mtoto."

Nilimjibu kwa heshima, lakini kwa sauti ninayoitumia darasani, kwamba sikuja Tabora kufundishwa kuandika. Nikarudi chumbani na kufunga mlango. Nilijiona nimeshinda.

Sasa sikiliza habari ya sanduku langu. Mchwa walikuwa wameanza kutoka sakafuni, na Bibi Zuhura mwenyewe, kwa wema, alikuwa amemwambia Salum alihamishie chumbani kwa dada yake, juu ya mawe. Ndani yake mna suti yangu nyeusi, cheti changu cha ualimu, na doti mbili za kanga nilizokununulia. Siku ya pili baada ya ugomvi ule nililiomba. Akanionyesha pindo la kanga yake lililofungwa fundo. Ufunguo wa chumba ulikuwa humo.

"Sanduku lako ni zima, na mchwa hawaligusi," alisema. "Lakini hutoki Tabora mpaka Maganga arudi."

Ungekuwa wewe ungeingia na kulitoa. Mimi ni mwanamume, ni mzee wa kanisa, na chumba kile ni chumba cha kulala cha mwanamke wa Kiislamu. Hata kwa macho sikiingii. Nilimwendea Salum.

"Fundi, dada yako ameniwekea sanduku rehani."

"Najua, Mwalimu," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mimi ameniwekea suruali za wateja. Ameapa sitazipata mpaka nikushawishi."

Mji nao ukajiunga. Siku moja nilirudi kutoka kiwanda cha kupiga chapa nikakuta mikeka imetandikwa mbele ya nyumba na wanaume wamekaa. Majirani walikuwa wamekuja kuweka matanga ya Maganga. Mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana, Mwalimu, ulimlea wewe." Kabla sijapata jibu, Bibi Zuhura alitokea na ufagio. "Inukeni! Nani kawaambia amekufa? Kaachwa, hakufa. Mwalimu hajaandika amekufa!" Aliwafukuza wote, akaviringisha mikeka yao, akawatupia nyuma yao. Jumapili iliyofuata, mzee mwenzangu wa kanisa aliomba dua kwa ajili ya ndugu yetu mwalimu aliyefiwa na mtu wake njiani. Nilisimama kumsahihisha, na waumini wote wakasimama pamoja nami wakidhani nimeanzisha wimbo. Mwuza nyama ananipimia mifupa. "Nyama yenyewe iko na Maganga, Mwalimu," anasema. "Akirudi nayo, utapata."

Nilikwenda kwa Elias nikitegemea msaada. Akasugua mikono. "Mwalimu, sijapata kuona gazeti likigombewa hivi. Usimuue na usimrudishe. Mwache pale pale kivulini mwaka mzima." Ningekuwa na fimbo yangu ya zamani ningeitumia.

Hivyo ndivyo nilivyo. Mhariri hataki hadithi iishe, mwenye nyumba hataki iishe nitakavyo, na sanduku liko nyuma ya mlango nisioweza kuugusa. Ungesema, acha sanduku uje. Nilifikia uamuzi huo pia. Lakini juzi Salum aliniita karibu na cherehani, akazungusha gurudumu taratibu ili sauti yake isisikike ndani.

"Usimwone dada mkorofi," alisema. "Mumewe, shemeji yangu Juma, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, vita vile vya Wajerumani na Waingereza. Hakurudi. Wala hakurudi mtu wa kusema alipobaki. Sheikh alimwambia zamani, huyu ahesabike amekufa, ukae eda yako, ukitaka uolewe. Alimfukuza kama alivyowafukuza wale wa mikeka. Hajakaa eda mpaka leo. Wewe umekuja na mpagazi wako, ukamwacha njiani."

Unajua kwamba eda ni zile siku ambazo mjane wa Kiislamu hujifungia ndani kumlilia mumewe. Mwanamke huyu amekaa miaka yote hii akiwa mke wa mtu asiyeonekana, na hakuna aliyeweza kumwambia lolote.

Tangu hapo siwezi kuandika. Nikimuua Maganga, nitakuwa nimemuua Juma mbele ya macho ya mkewe, kwa sauti ya Salum, majirani wakisikiliza. Nikimrudisha, nitakuwa nimemwambia mama mzima aendelee kutazama mlango mpaka afe. Nikiondoka bila kuandika, nitakuwa nimemwacha Maganga njiani mimi pia, kama wale wenzake walioweka kibuyu. Kila upande ninaogeukia namkuta Bibi Zuhura amesimama, na mkono wake uko kwenye fundo la kanga.

Nimechoka, Mama Tusekile. Nataka kulala mahali penye baridi na kusikia mvua juu ya migomba. Kwa hiyo leo nimeamua kushindwa. Nimeandika Maganga amerudi. Nitamsomea mwenyewe, kabla ya kupeleka kwa Elias, ili kama kuna kitoweo kilichosahauliwa nikiongeze mara moja na kumaliza. Barua hii siifungi mpaka nijue.

Kwa Elias, Ipuli, Tabora
Alhamisi

Naendelea. Ona kwamba anwani imebadilika.

Nilimsomea baada ya sala ya alasiri. Alikaa kwenye mkeka wake mlangoni, Salum akiwa kwenye cherehani yake, mimi kwenye kigoda. Majirani tuliwaomba wasije. Nilikuwa nimeandika kwamba wachimba chumvi walimkuta Maganga, wakamwuguza, na baada ya masika akafika kijijini kwake kwa miguu yake mwenyewe, mwenye afya, nguo mpya begani.

"Mnene huyo," alisema Bibi Zuhura.

"Nimesema mwenye afya."

"Mtu aliyeugua Mgunda Mkali hawezi kurudi na mashavu. Mpunguze."

Nilimpunguza pale pale, kwa kalamu, nikasoma upya.

"Sasa mbona anatembea kama karani? Anaingia kijijini kimya kimya. Wapagazi walipiga baragumu! Wanawake walitoka na maji na vigelegele mpaka njiani!"

Niliweka baragumu, maji na vigelegele. Salum alianza kutabasamu. Nadhani aliziona suruali zake. Nikasoma kwamba Nyamizi alimpokea mumewe, na Maganga akatua mzigo wake chini.

"Hapana," alisema. "Hajatua."

"Ametua, Bibi."

"Hajauliza, atatuaje? Kwetu msafiri hatui mzigo mpaka amewaulizia wa nyumbani mmoja mmoja, akianza na mdogo. Juma alikuwa hivyo. Hata akitoka Urambo tu na gunia la chumvi, atasimama nalo kichwani hapo uani, jasho linamtoka, anauliza: mtoto hajambo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo mbele yangu. Salum alitazama kitambaa. Nikaona kwamba ombi hili ni dogo na ni la haki, tena linapendeza. Niliandika, nikasoma: Maganga alisimama na mzigo wake begani, akamwuliza mkewe, mtoto hajambo?

"Naam," alisema. "Ndiye huyo. Na Nyamizi kajibu nini?"

"Kajibu, hajambo. Anatembea sasa."

"Mwongo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwongo huyo mwanamke!" alisema, na sauti yake ile ya kupenya ukuta ilikuwa imekatika. "Anamwambia mtu aliye na mzigo begani kwamba mtoto hajambo. Hajambo yuko wapi? Mwonyeshe! Mwanangu Asha alikufa kwa ndui, baba yake hata hajafika mwaka njiani. Nimemzika mimi na Salum. Salum alikuwa kijana tu, mwulize."

Salum hakuinua kichwa. "Ni kweli, Mwalimu," alisema.

Nimeketi mbele ya watoto wa watu kwa maisha yangu yote nikidai jibu, na pale niliifunika kalamu yangu.

Bibi Zuhura akaendelea, akiwa ananyoosha pindo la kanga magotini, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika. "Kila siku nilikuwa nikimtengenezea maneno. Nikifagia, natengeneza. Nikichota maji, natengeneza. Nitamwambia karibu, kwanza kaa, kwanza unywe maji. Lakini yeye hakai, Mwalimu. Hatui mzigo. Nitamwambia nini na mzigo uko kichwani? Nimemwomba Mungu amrudishe, na kila nikisikia miguu ya mtu uani, naomba asiwe yeye."

Kisha akanitazama.

"Mwache huko huko Maganga. Asije akauliza."

"Bibi Zuhura, nikimwacha—"

"Najua. Andika. Lakini usimwache bila kufunikwa. Apite mtu amfunike."

Niliandika mbele yake, jambo ambalo sijapata kulifanya mbele ya mtu yeyote. Nilimpitisha mpagazi wa msafara mwingine, mtu asiye na jina katika hadithi yangu. Alimkuta Maganga amekwisha kulala usingizi wa mwisho, kibuyu kikiwa kitupu pembeni. Akatua mzigo wake, ingawa wenzake walimpigia kelele asichelewe. Akachimba kwa ncha ya mkuki wake, akamlaza kwa ubavu wa kulia na kumwelekeza kibla, akavua nguo yake mwenyewe ya begani akamfunika. Jina lake hakulijua, kwa hiyo alimwita ndugu yangu. Halafu akajitwika, akawafuata wenzake akiwa kifua wazi. Nilisoma polepole, nikipumua palipo na nukta.

Nilingoja. Nilikuwa na hakika kwamba atasema nguo ile ilikuwa fupi, au kwamba mkuki hauchimbi vizuri.

"Hapo pametulia," alisema.

Alifungua fundo, akampa Salum ufunguo. "Mtolee Mwalimu sanduku lake. Mkewe anamngoja. Na suruali zako ziko chini ya kitanda."

Kesho yake sheikh aliitwa. Ni mzee mpole. Nilimsikia barazani akimweleza kwamba kwa sheria wakati wa eda ulikwisha kupita, hadaiwi kitu.

"Wakati wa nani?" alimwuliza. "Mimi mume wangu amezikwa jana."

Sheikh alimkubalia, na nadhani alifanya vema. Bibi Zuhura alivaa nguo zake nyeupe, akaingia ndani. Mwanamume asiye ndugu hawezi kulala katika nyumba ya mwanamke aliye edani, kwa hiyo mimi, niliyekuwa sipati ruhusa ya kutoka, nilitakiwa kuwa nimetoka kabla ya magharibi. Salum alinibebea sanduku kichwani mpaka hapa Ipuli. Wanaume wale wa mikeka tulipishana nao njiani; walikuwa wakirudi, na safari hii hakuna aliyewafukuza. Mwuza nyama alikuwa nao. Alinivulia kofia.

Elias aliisoma sehemu ya mwisho akiwa amesimama. Nilimwambia kwamba asipoichapa kama ilivyo, nitairudisha ile insha yake ya darasa la sita na kuisahihisha upya. Anaichapa. Safari hii sitangoja kuitazama mikato.

Nitapanda gari la moshi Jumatatu mpaka Itigi, na hapo nitachukua basi la Chunya na Mbeya. Njia ya reli inakatiza pale pale Mgunda Mkali. Nitakaa dirishani. Ukifungua sanduku, utasikia harufu ya udi katika suti yangu na katika kanga zako. Usifikiri mabaya kama ulivyofikiri. Wakati wote alipokuwa amelifungia, alikuwa akizitoa nguo zetu na kuzifukiza, zisiingie mende.

Mwamkie dada yangu mkubwa, mwambie shikamoo yake nakuja nayo mwenyewe. Msalimu kaka yako Lwitiko, fundi seremala, na umwulize kama ile meza niliyomwagiza imepata mguu wa nne. Msalimu mchungaji wetu. Mwambie nilisimama kanisani bila kuimba, na nitamweleza. Wasalimu Tusekile na mumewe.

Tusekile namsalimu kwa namna ya pekee, nawe unajua kwa nini. Nimetunga barua hii nzima nikilizunguka jambo moja. Nikifika, nitasimama pale kwenye ua wa mianzi na sanduku langu, na sitalitua. Nitaanza na mdogo. Nitauliza, Tumaini hajambo? Kama jibu ni jema, litakuja mbio lenyewe na kunishika miguu. Kama ni jingine, usinitengenezee maneno, mke wangu. Usiniambie kwanza kaa. Niambie hapo hapo, mzigo ukiwa mkononi, kisha tuutue wote wawili.

Mimi mumeo,
Ambakisye